Mkono wa babu

"Mkono haufundishwi, mwanangu. Unarithiwa."

Neno hilo la Baba Mkubwa limenikaa tangu Jumapili. Barua ya uhamisho imetoka, shangazi kafanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, lakini mimi kwenye daladala ya Chamwino bado namjibu yeye kimoyomoyo. Alilisema mbele ya ilimba ya babu, chombo cha Kigogo chenye vyuma juu ya sanduku vinavyopigwa kwa vidole, mtoto alipopotea kidogo katikati ya wimbo. Na kabla ya hapo: "Huyu kachukua kwa mama yake." Mtoto kimya.

Ushahidi wake siku zote ni ukoo wa Zawose. Hukwe Zawose, mpiga ilimba mashuhuri, alifariki 2003, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wakatoa albamu. Damu hiyo, anasema. Sawa, Baba Mkubwa, ila kwa desturi yetu Wagogo wanawake walipewa ngoma za muheme, ilimba na zeze zikabaki kwa wanaume. Bibi zao walikuwa na damu hiyo hiyo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukishika chombo.

Kinachorithiwa, kwa ninavyoona, ni sikio, na sikio linatoka kwenye chombo chenyewe. Ilimba mpya hupimwa kwa ya zamani, chuma kwa chuma. Ukikivuta chuma kitokeze zaidi, sauti inashuka. Ukikisukuma ndani, inapanda. Kikigoma kushuka, bandika nta kidogo chini ya ncha, uzito utakishusha. Kikigoma kupanda, piga tupa kwenye ncha, taratibu, maana ukizidisha hakirudi. Vipete vya waya vilivyovishwa kwenye vyuma vikibana havikwarizi, vikilegea mno vinafunika sauti. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa mfuko wa mayai ya buibui: mnene hautetemi, uliotoboka haufai kitu. Na vyuma vingine havichezwi kabisa, vinaitikia vyenyewe jirani akiguswa; hivyo navyo lazima vipimwe, na ndivyo wavivu huviruka.

Halafu kuna ile sauti ya saba katika mfululizo wa sauti za asili zinazopandana juu ya sauti moja ya msingi, ambayo nyimbo zetu zinaitegemea. Ukiitafuta kwenye piano huipati: iko chini ya kitufe chake kwa karibu theluthi ya nusu toni. Mtoto aliyekulia kwenye kinanda cha kwaya ataiona kosa, atakisukuma chuma ndani "kukisahihisha". Aliyekulia miguuni pa mpigaji hataona kosa lolote.

Nilianza kuandika haya nikiwa na hasira. Ila kila nikiirudia Jumapili ile, namwona Baba Mkubwa na kinyundo chake, anasema mkono haufundishwi huku anagonga chuma cha kushoto na kumtazama mtoto.

"Kimefika?"

"Bado, babu. Kiko juu kidogo."

Akagonga. "Sasa?"

"Hapo."

Hakubisha. Hata kulinganisha na vyuma vingine hakulinganisha, akahamia kinachofuata, na kwa hicho pia akamuuliza mtoto. Nimecheka peke yangu hadi kondakta kanigeukia.

Kijana wa shamba la zabibu kapiga simu kutoka Hombolo: unga mweupe umeonekana kwenye vichala vichanga. Ubwiri unga huo, ugonjwa wa ukungu. Sulfa, dawa yake, imebaki nusu mfuko, na kwa jua hili ikipigwa mchana itababua majani. Nikishahama, nani atakuwa shambani alfajiri?