Nilivyoanzisha ofisi ya miradi ndani ya stoo ya rangi

Barua ya mhandisi msimamizi ilikuwa na aya mbili tu. Ya kwanza ilikiri kwamba michoro ya msingi ilichelewa kutufikia. Ya pili ilisema taarifa yetu ya madai ilipokelewa siku ya 41, wakati mkataba wetu, ule wa masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, unampa mkandarasi siku 28 tangu ajue, au tangu alipopaswa kujua, kilichomkwamisha. Zikishapita, hakuna kuongezewa muda wala kulipwa. Tukakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kosa ambalo nusu yake halikuwa letu.

Nusu nyingine ilikuwa yetu kabisa. Ratiba ya kazi tuliinakili kutoka mradi wa Dar es Salaam, imepangwa kuikwepa masika ya Machi hadi Mei. Saiti iko Dodoma, ambako mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Michoro ilipofika, tukachimba mitaro ya msingi Desemba. Ikajaa kama malambo. Na mvua ya kawaida ya msimu huwezi kuidai kwa mtu.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ilikuwa kupima kazi na kuandaa hati za malipo. Mzee, mwenye kampuni, aliniita akauliza swali moja: "Nani alikuwa anahesabu siku?" Hakuna. Meneja wa mradi alidhani ofisini wameandika, ofisini wakadhani meneja ameandika. Miradi yetu ilikuwa mitano, na kila mmoja ulijiendea kivyake kama kampuni tano zenye mhuri mmoja. Mzee alinipa stoo ya rangi, kijana mmoja aliyetoka chuoni, na jina lililoandikwa kwa kompyuta mlangoni: Ofisi ya Usimamizi wa Miradi.

Mwezi wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Nilitunga fomu ya ripoti ya kila siku yenye kurasa 11. Zilirudi zimejazwa vizuri mno, mwandiko mmoja, wino mmoja, wiki nzima kwa mkao mmoja wa Ijumaa jioni. Kwenye "hali ya hewa" foremani wa saiti moja aliandika "nzuri" siku sita mfululizo. Katika siku hizo hizo, kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na picha ya mashine ya zege imezama kwenye tope hadi nusu ya tairi.

Nikafunga safari kwenda kuishi naye siku tatu. Ni mtu mzima kuliko baba yangu, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha alichokuwa akifanya. Alikuwa anapima nafasi za ringi, zile nondo nyembamba zinazofunga nondo kuu, kwenye kitako cha nguzo kwa rula ya mbao aliyoikata mwenyewe. Baadaye, tukinywa chai ya mama lishe, ndiyo akasema: "Mama, nyie huko mnauliza tu. Nondo za 16 mimi niliomba lini?" Akamwita mtunza stoo alete kauntabuku. Ombi lilikuwa na siku tisa. Niliporudi nililikuta kwenye trei ya ununuzi, chini ya makadirio ya mradi mwingine. Mafundi sita wa nondo walikuwa wakilipwa kukaa kivulini, na kwenye fomu yangu ya kurasa 11 hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Fomu nikaitupa. Badala yake kila saiti hutuma ujumbe mmoja saa kumi na moja jioni: watu wangapi, kazi gani imefanyika, nini kimekwamisha. Pamoja na hayo, picha ya ukurasa wa kauntabuku wa siku hiyo. Haijalishi ukiwa na alama ya kidole chenye saruji. Kijana wangu ndiye anayeyapanga. Kwenye ubao mweupe tuna safu mbili tu za maana. Ya kwanza ni maombi ya vifaa, na jina la mtu ambaye ombi limelala mezani kwake (hii iliniletea uadui na watu wa ununuzi, lakini maombi yakaanza kutembea). Ya pili, kwa wino mwekundu, ni vikwazo vinavyotoka kwa mteja au mshauri, na tarehe ambayo siku 28 zinaisha. Barua ninaiandika mimi, ndani ya wiki ya kwanza, hata kama meneja anasema "tusiwaudhi." Taarifa si ugomvi, madai kamili yenye hesabu huja baadaye.

Ilipotokea tena, mteja akabadilisha mpangilio wa vyumba wakati kuta ziko kwenye linta, taarifa yetu ilifika siku ya sita. Tuliomba siku 31 tukapewa 24. Kilichotubeba ni zile jumbe za jioni, maana zilikuwa na tarehe na idadi ya watu waliokaa bila kazi.

Si mameneja wote waliopenda. Mmoja alitubandika jina la "polisi" mpaka alipohama kampuni. Aliyebadilika ni yule foremani. Siku hizi hunipigia yeye: "Mama ofisi, lile la vigae leo ni siku ya ngapi?"

Ambaye sijamweza ni Mzee mwenyewe. Akipewa bei nzuri na rafiki yake dukani, ananunua kwa simu na kupeleka anakojua yeye. Juzi lori limeshusha nondo za milimita 12 ambazo hakuna saiti iliyoziomba. Nimeongeza safu ya tatu ubaoni, nikaiandika jina lake. Ameiona, akacheka, hajaifuta.