Kobe wa Birikani

Mwaka wa 1997, mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Garsen na mto Tana ukatapakaa mashambani, mjomba wangu alikuwa kondakta wa basi la Malindi na Mokowe. Safari ya siku moja ilimchukua siku nne. Basi lilipokwama kwenye tope upande wa Witu, akaokota kobe wa maji katikati ya barabara, akamtia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, akavuka naye kwa boti kutoka Mokowe mpaka kwetu Lamu, akaja kunikabidhi. Nilikuwa darasa la saba, na kwa wiki nzima sikuzungumza jambo jingine.

Hakuwa kasa. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii hapakosi mtu wa kuuliza kama tulimla. Huyu alikuwa kobe wa madimbwi, mweusimweusi kama jiwe la mtoni, ukubwa wa kisahani cha chai. Akiogopa harudishi kichwa ndani kama kobe wa nchi kavu. Hukunja shingo ubavuni na kukificha kichwa chini ya ukingo wa gamba, kama mtu aliyelala akajifunika uso kwa mkono. Na akishikwa kwa nguvu hutoa harufu ambayo sabuni moja haitoshi. Nikampa jina Nahodha.

Nyumba ya Bibi iko Mkomani, nyumba ya mawe ya kale, na chooni mwake mna birika la chokaa lililojengewa ukutani. Enzi hizo birika ndilo lililokuwa la kutawadhia na kuogea, na ndani yake hukaa vijisamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Bibi alipomwona Nahodha akasema basi naye atiwe humo, asaidie kazi. Haukupita mwezi hakukuwa na kijisamaki hata kimoja.

"Umeleta mlinzi, kawala wenye nyumba," Bibi akasema.

Mwaka wa 1999 nikaenda kusoma Mombasa, shule ya bweni. Kabla ya kuondoka nilimwita mdogo wangu, aliyekuwa na miaka saba, nikamwonyesha jinsi ya kumtupia kobe chakula, nikampa shilingi ishirini kama mshahara. Mwaka huohuo Bibi akawekewa tangi la plastiki na mfereji. Birika likakosa kazi, likafunikwa mbao mbili nzito watoto wasije wakatumbukia.

Mdogo wangu simlaumu. Aliambiwa atupe chakula, akatupa: kila alipokumbuka alipenyeza kipande cha mkate kwenye mwanya wa mbao, akenda zake kucheza. Likizo ya Aprili mimi nilibaki kwa shangazi Mombasa. Ya Agosti nilikuja, nikafunua ubao mmoja, nikaona maji meusi, nikasema moyoni, "Yumo chini amelala," nikaufunika, kwa sababu kulikuwa na mpira na wenzangu walikuwa wakiniita nje. Hiyo Agosti ndiyo inayonirudia mpaka leo. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Desemba nilirudi Ramadhani imeshaingia. Bibi akanituma nizitoe zile mbao, seremala alizitaka. Nilipozifunua ilinijia harufu ya kitu kilichochacha. Maji yalikuwa yamebaki kimo cha shubiri moja, kijani kibichi, mazito, na vipande vya mkate vimevimba vikielea kama pamba. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa, nikakutana na kitu kilichonifanya niuvute mkono haraka. Kilikuwa laini.

Nilimtoa nikamweka juu ya sakafu ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye mwanga. Gamba lake lilikuwa limeota ukoga mrefu kama nywele. Ukilibonyeza kwa kidole gumba lilibonyea, kama boksi la kadibodi lililolowa mvua. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba yakaziba kabisa, kope zimetuna kama punje mbili za kunde. Tumboni palikuwa na doa jeupe lililokuwa linamung'unyika. Sikupata ile harufu yake ya kujihami. Hakuwa na nguvu hata ya kunuka. Nilidhani amekufa mpaka nilipoona ngozi ya shingo ikipanda na kushuka, polepole mno.

Lamu wakati ule ukiwa na mnyama mgonjwa, awe nani, unakwenda kliniki ya punda pale ukingoni mwa bahari, iliyofunguliwa mwaka wa 1987 na shirika la Uingereza, Donkey Sanctuary. Punda hutibiwa bure, na mji wetu unaendeshwa na punda: mawe, mchanga, saruji, magunia, vyote hupita migongoni mwao. Nilipanga foleni na kobe wangu kwenye beseni, mbele yangu punda mwenye kidonda cha shogi, lile pakacha la mizigo la mgongoni, nyuma yangu punda anayechechemea. Wenye punda walicheka mpaka wakakumbuka wamefunga.

Daktari hakucheka. Alimgeuza, akambonyeza, akauliza, "Mwenyewe ni nani?"

Nilitaka kusema mdogo wangu. Nikasema, "Ni mimi."

"Alikuwa wapi?"

"Birikani."

"Jua alipata?"

Nikanyamaza. Akanivuta karibu na dirisha, akanieleza kitu ambacho sijakisahau. Mimi nilidhani gamba la kobe ni nyumba anayoibeba, kama konokono. Akasema si nyumba, ni mwili: ubavu na uti wa mgongo vimeungana humo, mfupa ulio hai, unaosikia maumivu. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na bila hiyo mwili hauwezi kuitumia kalisi, madini ya mifupa, hata ukiijaza tumbo zima. Mkate hauna kalisi ya maana, na birika halina jua. Basi mwili wake ulikuwa unakopa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Macho ni ukosefu wa vitamini A. Doa la tumboni ni uozo, kwa ajili ya uchafu wa maji na kukosa mahali pa kukaukia.

"Mimi ni daktari wa punda," akamalizia, "lakini mfupa ni mfupa. Mpe jua, mpe maji safi, mpe chakula chenye mifupa yake. Usikimbilie kumlisha sana. Na usimpake kitu gambani."

Hilo la mwisho lilinikuta nyumbani. Binamu yangu, fundi wa majahazi Matondoni, alikuwa amekuja kufuturu kwetu na chupa ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo. Kwake gamba laini na ubao mkavu ni maradhi mamoja. "Mpake, litakaza," akasema. Nilimwambia daktari amekataza, mafuta yatazuia jua na kufungia uchafu ndani. Akasema daktari wa punda anajua nini. Bibi akamjibu, "Na fundi wa jahazi je?" Chupa ikarudi Matondoni.

Nikaanza kazi. Asubuhi nilimpandisha darini kwenye beseni lisilo na maji, nusu juani, nusu kivulini chini ya kipande cha jamvi, ili mwenyewe achague; jua la Desemba la Lamu ukimwacha kobe bila kivuli unamchemsha. Nilimsugua ukoga kwa mswaki laini wa zamani, taratibu, kwenye mistari ya magamba. Doa la tumboni nililipaka dawa ya aidini niliyoizimua kwa maji mpaka ikawa rangi ya chai hafifu, nikaiacha ikauke. Adhuhuri na jioni nilimtia kwenye maji safi ya vuguvugu yaliyomfika shingoni tu, nisije nikamzamisha. Maji ya mji wetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na Bibi alikuwa akinihesabia ndoo. "Kobe huyu aoga kuliko mimi," alilalamika, lakini ndoo alinijazia mwenyewe.

Kula hakuli. Nilimwekea dagaa, akanyamaza. Nikamwekea kamba aliyemenywa, kipande cha ini la kuku, nyungunyungu. Siku ya kwanza nilimwekea vyote kwenye sinia kavu, nikaja kujua ujinga wangu baadaye: kobe wa maji humeza ndani ya maji. Hata nilipovitia majini havikuguswa. Asiyeona hawindi. Kila jioni nilivitoa vimechakaa, nikamwaga maji, nikaweka mapya.

"Na yeye afunga?" Bibi aliuliza siku ya tatu.

Siku ya nne, "Huyu ameshika kweli. Kuliko wewe."

Kwa ajili ya kalisi nilikwenda ufuoni Shela. Ufuo ule una urefu wa kilomita kama 12, na kwenye mstari wa mwani uliotupwa na maji makuu huokotwa ile mifupa myeupe ya ngisi, miepesi, inayochorwa kwa ukucha. Nilijaza kikapu, nikaiosha chumvi, nikaianika. Mmoja niliuacha uelee kwenye beseni, mwingine nikausaga nikaunyunyiza juu ya dagaa.

Ilikuwa siku ya kumi na moja, saa saba ya mchana, mji mzima umelala kwa njaa na joto. Nilikuwa nimejilaza kando ya beseni, midomo imekauka, nikimwangalia bila kutumaini lolote. Kope ya kushoto ikapasuka. Si kufunguka, ilipasuka mstari mwembamba, kama uzi, na ndani yake kukawa na kitu cheusi kinachong'aa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha shingo ikajinyoosha polepole upande wa kamba, ikasimama kama inayofikiri, na ghafla mdomo ukapiga. Kamba akawa hayupo. Maji yakatikisika kidogo, yakatulia.

Niliteremka ngazi mbio, nikamwamsha Bibi. Akapanda mpaka darini akishikilia ukuta, akainama juu ya beseni, akamwangalia Nahodha anayechana dagaa kwa kucha za miguu ya mbele.

"Ala mtana kweupe!" akasema. "Basi huyu si mwenzetu." Akacheka mpaka akaketi chini.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Jicho la kulia lilifunguka baada ya siku nne. Doa likakauka likabanduka kama ganda la kidonda. Gamba lilichukua muda zaidi, na halikurudi lilivyokuwa: Idi ilipofika, mwanzoni mwa Januari 2000, lilikuwa limeanza kukaza kutoka katikati kwenda ukingoni, lakini upande wa nyuma palibaki bonde, pana nafasi ya kuingia kidole gumba. Daktari alilipima kwa kidole chake akasema bonde hilo halitaondoka. Akaongeza kwamba mnyama wa porini hakai nyumbani kwa watu bila kibali cha serikali, na kwamba akikomaa kidogo arudishwe kulekule alikookotwa, si kwenye dimbwi lolote ninaloliona.

Sikutaka. Nilikuwa nimeshazoea kumwita mgonjwa wangu. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa, na mdogo wangu alikuwa ameanza kuniuliza mshahara wa mwaka mpya ni kiasi gani.

Tukaondoka naye kwa basi la mjomba, kwenye kopo lilelile la mafuta ya kupikia, limetobolewa matundu kifunikoni. Siku hizo mabasi yalikwenda kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma kwa ajili ya majambazi, na Witu yalisimama kungojana. Mjomba akanipa dakika kumi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na dimbwi lenye mayungiyungi na ng'ombe wawili wakinywa. Nahodha alipotolewa kwenye kopo aliona dunia nzima kwa mara moja, akatapatapa, na mjomba alipomdaka asianguke, akaachilia ile harufu yake yote kwenye shati la kazi.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Aliingia majini bila kugeuka. Nililiona lile bonde la gambani mara moja kati ya majani, halafu viputo, halafu hakuna. Mjomba akapiga kelele tupande, askari wanatungoja. Mpaka Malindi abiria walifungua madirisha na kuulizana nani amebeba samaki.

Aprili nilikataa kubaki kwa shangazi, nikaja Lamu. Zile mbao hazikurudishwa. Birika lilikuwa limesuguliwa, limepakwa chokaa mpya, lina maji masafi, na ndani yake vijisamaki vitano vilikuwa vikizunguka. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu mlangoni mwa choo.

"Hawa ni wako," akasema. "Ukenda zako Mombasa, nambie kwanda hula nini."