Kuhamisha soketi ya friza katika nyumba ya mawe

Alhamisi usiku

Naandika hali ilivyo kabla sijagusa kitu, ili nikiharibu nijue nilianzia wapi.

Nyumba yetu iko Mkomani, hapa Lamu. Ni nyumba ya mawe ya wazee: daka la mlangoni, kiwanda (ndio ua wa katikati), misana miwili (kumbi ndefu nyembamba), halafu ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani. Ilijengwa stima haijasikika, kwa hiyo kila waya uliomo ulitiwa baadaye, na aliyeutia alikuwa na haraka. Soketi ya msanani iko pembeni chini kabisa, shibiri moja kutoka sakafuni, na ukuta huo kila masika hupanda unyevu mpaka chokaa ikamenyeka. Friza ya mama, ile ya barafu za ukwaju, iko upande wa pili wa mlango. Baina yake na soketi pana ekstensheni iliyopita kizingitini, na sijui ni watoto wangapi wamejikwaa hapo na shilingi zao mkononi.

Mpango: soketi ivuke mlango, ije upande wa friza, ikae juu kama mita 1.2 ambako unyevu haufiki. Nimejipa asubuhi moja.

Ijumaa, baada ya swala

Binamu yangu ana leseni ya ufundi umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati, na sheria ya Kenya haitaki nyaya za nyumba ziguswe na asiye nayo. Tukapatana: mimi nichimbe na nibebe, yeye ashike nyaya.

Alizima breka kuu, akafunga mlango wa chini ya ngazi iliko, akatia ufunguo mfukoni mwake, asije mtu akaiwasha kwa wema. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alipima kwanza mahali penye umeme, kwa jirani, kuhakikisha kipimo chake kizima. Akaja akapima soketi yetu: hakuna kitu. Akarudi tena kwa jirani kupima mara ya pili. Nikamwambia umekuwa kama mtu wa wasiwasi wa udhu. Akasema kipimo kilichokufa nacho husema hakuna umeme. Ile testa yangu ya bisibisi yenye taa aliitazama tu, akaiweka kando.

Tukafungua soketi. Skrubu zimeota kutu, boksi la chuma limeliwa na chumvi. Nyaya nyekundu zimo, nyeusi zimo, na pale pa erthi, waya wa usalama uendao ardhini, tundu tupu. Waya wa kijani na manjano upo, umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi kama kitu kisichotakiwa. Fundi aliyefanya hivyo miaka hiyo huenda aliona soketi inawaka, akachukua pesa zake akenda.

Hapo ndipo binamu alipomwita mama. "Bi mkubwa, hii friza haijakuuma?"

Mama akajibu kama aliyeulizwa bei ya ndimu. "Huuma kidogo, kama siafu. Si mashine zote huuma?"

Nilinyamaza. Miaka yote namwona mama anafungua friza kwa ncha ya leso. Nilijua ni usafi, kwa kuwa anauza kitu cha kutia mdomoni. Kumbe ni mwiko aliojitungia mwenyewe, asimwambie mtu, kwa sababu hakujua kuwa ni jambo la kuambiwa.

Binamu alinieleza nikiwa nimekaa chini. Umbo la friza ni bati. Mashine ikizeeka, tena katika hewa yetu ya chumvi, umeme kidogo huanza kuvuja kutoka kwenye nyaya hadi kwenye bati. Erthi ikiwepo, unaovuja hushuka ardhini, na ukiwa mwingi fyuzi au breka hukata. Erthi isipokuwepo, bati hukaa na umeme wake likingoja mtu. Na mtu wetu husimama peku juu ya sakafu yenye maji ya barafu. Plagi ina fyuzi ya ampia 13, nikauliza mbona haikukata? Akacheka. Umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo sana ukilinganisha na ampia 13; fyuzi ile inalinda waya.

Friza ikachomolewa. Barafu zote zikagawiwa mtaa mzima, na watoto wakaiona ni sikukuu.

Jumamosi

Siku ya ukuta. Siku ya aibu yangu.

Nilipiga tindo kama ninavyoona mafundi wakipiga nyumba za bloki kule mtaa wa Langoni. Pigo la tatu, likaanguka bonge la chokaa ukubwa wa sinia, na nyuma yake jiwe la matumbawe likatikisika. Ami, ambaye ni mwashi na alikuja kunywa kahawa tu, aliweka kikombe chini. "Usiupige. Ukwangue. Hapa mawe yameshikana kwa chokaa, ukitikisa moja, wenzake wasikia."

Ukuta una unene wa karibu nusu mita, lakini unene huo ni mawe madogo madogo yasiyochongwa, yamepangwa na kujazwa. Mtaro wa kwenda mlalo ungekata mawe mengi mfululizo. Wa kwenda wima hukata machache, na mwingi hukaa ndani ya lipu bila kufika kwenye jiwe. Binamu naye alitaka wima kwa sababu yake: kesho mtu akitaka kupiga msumari, hutazama soketi iko wapi, na hujua waya umepanda moja kwa moja juu yake. Waya uliokatiza mshazari hauna wa kuujua. Na mama yangu hupiga misumari.

Kwa hiyo njia ikawa hii. Nyaya za zamani zinashuka kutoka darini. Tukazivuta zirudi juu, soketi ya chini ikabaki tundu tupu. Huko juu, karibu na boriti, likawekwa boksi la kuungia. Kutoka hapo mfereji wa plastiki unapita juu ya mlango, umejibanza ubavuni mwa boriti, usiku huuoni kabisa. Kisha paipu ya milimita 20 inashuka wima mpaka soketi mpya, ndani ya mtaro nilioukwangua kwa saa tatu kwa kisu cha lipu na tindo ndogo. Boksi jipya ni la plastiki, lenye kina kifupi. La chuma hapa ni chakula cha chumvi.

Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ninavyokwangua nahisi orodha nzima inanitazama mgongoni.

Jumapili

Kazi ya nyaya, fupi. Za milimita 2.5, sita kwa jumla, tatu za kwenda na tatu za kurudi, kwa kuwa soketi zetu ziko kwenye mzunguko mmoja unaotoka kwenye breka ya ampia 32 na kurudi papo hapo. Dukani tulipata kahawia na buluu, na za ukutani ni nyekundu na nyeusi. Kahawia kwa nyekundu, buluu kwa nyeusi, na binamu akafunga vitepe vya rangi kwenye maungio ili fundi ajaye asikisie.

Nilitaka boksi la juu lipigwe lipu lipotee. Alikataa katakata. Maungio yakilegea hupata moto, na yaliyozikwa ukutani yatapatikanaje? Basi pana kifuniko cheupe juu kule karibu na boriti, kila mgeni atauliza ni nini.

Kazi iliyotula muda ilikuwa kiwandani. Fimbo ya shaba ya erthi ipo, imechimbiwa karibu na birika la maji, ila kishikizo chake kimegeuka kijani na waya unacheza ukiugusa. Yaani hata ule waya uliokatwa ungeunganishwa, ungefika kwenye kitu kilicholegea. Tukasugua, tukatia kishikizo kipya, akapima mpaka akaridhika. Kisha akafunga RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30, inakata kabla hujamaliza kushtuka. Peke yake ilikaribia bei ya vitu vingine vyote. Sikubishana.

Friza tukaichomeka mwisho. RCD ikakata papo hapo. Tukatazamana. Kwa hivyo kweli ilikuwa inavuja, na si kidogo. Imekwenda kwa fundi wa mafriji, na punda akaibeba kwa malalamiko mengi.

Baada ya wiki mbili

Tundu la chini na mtaro nimeziba kwa chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu, mchanga usio wa ufuoni. Saruji ami hakutaka hata kuisikia: ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huuziba pumzi, na unyevu ukinyimwa njia hapa hutokea pale. Kila asubuhi na jioni nimenyunyizia maji, chokaa isikauke mbio ikapasuka. Bado rangi yake haijalingana na ya kando. Sitapaka rangi ya plastiki.

Friza imerudi na mota mpya. Binamu amepima bati lake, hakuna kitu, RCD imetulia. Ekstensheni nimeikunja, iko juu ya kabati.

Jana alasiri watoto walikuja, mama akaenda kuwatolea barafu. Akashika ncha ya leso, akafungua mlango wa friza nayo, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Mama, sasa haiumi." Akasema, "Najua, mwanangu," akafunga kwa leso ile ile.