Majahazi ya Ngamiani

Jamani, leo nina furaha ya kweli. Hapa Ngamiani tumeunganisha kompyuta zetu kwa swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta), na kwenye skrini kila mtu anaendesha jahazi lake la kuigiza katika ghuba ileile ya Tanga, kisiwa cha Toten kikionekana kwa mbele. Na majahazi ya wenzako yanateleza vizuri, hayarukiruki tena!

Njia tuliyotumia ni ya zamani. Miaka ya 1980 DARPA, shirika la Marekani la utafiti wa kijeshi, lilijenga SIMNET, mtandao uliowawezesha wanajeshi wa vifaru walio kambi mbalimbali kufanya mazoezi kwenye uwanja mmoja wa kompyuta. Walitumia hesabu ya nahodha: ukijua chombo kilipokuwa, mwendo wake na kinakoelekea, unakisia kilipo sasa. Kila kompyuta inawakisia wenzake hivyo, na mwenye chombo hutuma ujumbe pale tu makisio yanapopotoka kupita kiasi. Akienda moja kwa moja, karibu hasemi kitu. Katika DIS, kanuni za pamoja za mawasiliano zilizozaliwa na SIMNET, hata hivyo kwa kawaida hutuma ujumbe kila sekunde 5 ili wengine wajue bado yupo.

Ninachokipenda zaidi: hakuna seva kuu, yaani kompyuta moja inayotegemewa na zote. Kompyuta moja ikizimika, wengine wanaendelea na safari.

Kigumu ni ujumbe kuchelewa njiani. Vyombo vinavyokaribiana sana, DIS inataka ujumbe ufike ndani ya milisekunde 100. Chumbani ni rahisi. Sasa tunataka kuwaunganisha wenzetu wa Pangani. Mwenye rauta ya ziada, tafadhali anitafute.