Kabla ya kumwita jini, uliza maji

Hadithi nyingi za kutisha za pwani hii huharibika kabla jini hajatia mguu. Mwandishi anatuambia ni saa sita usiku, mwezi mpevu, bahari imejaa na mawimbi yanapiga ukuta wa Raskazone. Msomaji wa Tanga keshatoka hapo. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na bamvua ya huku hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kwenye saa nne, saa tano usiku maji yamekupwa kabisa. Saa sita ndiyo kwanza yanarudi.

Na ukweli huo una kitisho kuliko yale mawimbi ya kubuni. Maji yakitoka, kunabaki uwanja mpana wa tope na mwani, na taa za wachokoa pweza zinatembea huko mbali. Ziende taa tano, zionekane sita. Ile ya sita iwe imesimama kwenye kina, mahali ambapo hata bamvua haipakaushi. Saa ya hadithi nayo umeshaipata bure: kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila kesho maji huchelewa kama dakika 50. Huna haja ya kuandika "muda ulikuwa unayoyoma". Waambie maji yamefika magotini.

Mwezi vilevile. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama, kwa hiyo usiku wa manane unakaribia utosini na kivuli cha mtu hukusanyika miguuni pake. Kivuli kirefu saa hiyo ni kosa la mwandishi, au ni jambo la kutisha mno ambalo halipaswi kuelezwa hata kwa neno moja. Amua ni lipi.

Kwa nini tunazipenda hadithi hizi? Nadhani ni kwa sababu huku msomaji hahitaji kushawishiwa kwamba jini yupo. Katika kupunga pepo, pepo akishampanda mtu, huulizwa jina, ametoka wapi, anataka nini. Atataja udi, kitambaa, pete. Ni mapatano, tena yenye adabu zake. Basi hofu yetu haikai sana kwenye kwato wala kucha. Inakaa kwenye deni: nani alikubali, kwa niaba ya nani, na nani atalipa sasa kwa kuwa babu keshakufa.

Ndiyo maana ni heri kuanza na sharti kuliko kuanza na jini. Liwe moja, jepesi, lisilogharimu kitu. Usiitike ukiitwa mara moja tu usiku. Halafu tafuta sababu njema ya kulivunja. Mhusika akilivunja kwa upumbavu, msomaji humcheka. Mama ambaye mwanawe hajarudi baharini ataitika, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hadithi ya maneno 3,000, sharti lisikike ndani ya maneno 400 ya mwanzo, kama neno la kupita tu, bibi anafunga dirisha. Dalili zije tatu, kila moja ikisogea: uani, kisha ndani, kisha mwilini. Sharti livunjike karibu na neno la 2,000. Jini mwenyewe mpe mistari michache na kiungo kimoja tu cha mwili. Ukimwonyesha mzima amekuwa mnyama, na mnyama hupigwa fimbo.

Linaloua zaidi ni mganga wa ukurasa wa mwisho, anayefika na mkoba wake kueleza kila kitu. Mfute. Ndoto nayo ifute.

Tazama ule usimulizi wa Amboni unaorudiwa miaka nenda miaka rudi: watu waliingia mapangoni na mbwa wao, wakapotea, mbwa akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Hakuna haja ya kuuamini ili kuona ulivyofumwa. Aliyenusurika ni mmoja, naye hasemi. Shahidi asiyeweza kusimulia ana nguvu kuliko kurasa kumi za damu: mtoto mchanga, kiziwi, paka wa jikoni.

Ukikosa pa kuanzia, nenda kwenye makaburi ya nguzo, Tongoni kusini mwa mji au Kaole kule Bagamoyo. Zamani nguzo za namna hii zilipachikwa mabakuli ya kigeni. Mengi hayapo tena, yamebaki matundu ya duara kwenye chokaa. Bakuli liko kabatini kwa nani sasa, na linapakuliwa nini? Nenda mchana, uandike harufu na sauti. Sura za majengo utazikumbuka tu.

Jambo moja silipatanishi: kikongwe mwenye macho mekundu. Macho hayo mengi ni ya moshi wa kuni wa miaka 50, na nchi hii ina vikongwe waliodhaniwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho hayo. Tena kama mbinu amechoka, kila mtu anamshuku tangu aya ya kwanza. Uovu mpe mtu ambaye mtaa mzima humkabidhi funguo: mweka hazina wa kikoba, fundi anayepima watoto sare za shule. Huyo hata akichelewa kurudisha futi yake, msomaji ataanza kujiuliza amepimia nini.