Kabati Linalokwenda Hospitali

Mashine yangu ya kupasulia mbao ilikuwa na kilo kama 30 hivi, na mimi na dogo tulikuwa tunaibeba kama jeneza: mmoja mbele, mmoja nyuma, kimya. Asubuhi inatoka stoo kwenda chini ya mwarobaini, jioni inarudi. Hiyo ni Keko, Dar es Salaam, mwaka 2019, kwenye uwanja tuliokuwa tunachangia kodi mafundi sita. Ukiacha kitu chenye mota nje usiku, umeshakigawa.

Ilikuwa ya kuweka mezani, bledi inchi 10, mtumba kutoka Gerezani, mtaa wa hapo hapo Dar. Tuliipandisha juu ya mapipa mawili. Vifaa vingine vilikaa kwenye kiroba: drili, rauta ya kuchongea mifereji na kingo, bledi za akiba, na zile spana mbili za kubadilishia bledi ambazo kila nikizitaka hazipo. Nadhani mwaka ule nilitumia muda mwingi kuinamia kile kiroba kuliko kupasua mbao.

Jioni nilikuwa naangalia kwenye simu video za mafundi wa Marekani. Wenzetu mashine zao zinakaa ndani ya kabati lenye magurudumu na droo, wanalisukuma kwa kidole kimoja. Nikasema na mimi nitalijenga.

Nilinunua plaiwudi moja ya milimita 18 na mbao za paini za mbili kwa nne kwa ajili ya fremu. Paini ilikuwa bado mbichi, mbili zikapinda kabla sijazitumia, nikazibadilisha kwa maneno mengi. Kazi ya droo niliifurahia kuliko zote. Bledi nilizisimamisha kwenye mifereji, kama sahani kabatini. Spana nikazifunga kamba. Ubavuni, pale mkono unapofika bila kutafuta, nikachonga tundu la kijiti cha kusukumia mbao, maana jirani yangu pale uwanjani alikuwa na vidole tisa na nusu.

Sehemu ya nyuma, inayopokea mbao ikishapita kwenye bledi, niliishusha chini ya meza ya mashine kwa unene wa kadi ya benki. Hapo sikutaka mchezo. Ikizidi juu, ncha ya mbao inagonga, inakwama katikati ya njia, wewe unaendelea kusukuma na bledi inaendelea kuzunguka. Mbao ikibana bledi inarudishwa kwa kasi, na anayeipokea ni tumbo lako.

Magurudumu nilichukua Kariakoo, manne, madogo ya inchi 3, yenye breki. Muuzaji aliyazungusha juu ya marumaru ya duka lake, yakazunguka kama pia. Nikalipa bila hata kuomba punguzo.

Uwanja wetu hauna marumaru. Ni mchanga, maranda na mizizi ya mwarobaini. Tuliposukuma siku ya kwanza, magurudumu mawili yalizama mpaka kwenye vyuma, kabati likainama, droo zote tatu zikatoka kwa pamoja kama ndimi. Tukaliinua, tukaliweka sawa, nikafunga breki, nikawasha. Gurudumu moja lilikuwa linaning'inia hewani. Nikapitisha ubao wa mninga, kabati zima likatikisika, bledi ikaanza kuunguza, moshi ukatoka. Nikazima.

Mzee wetu wa pale alikuwa kwenye kigoda chake na kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hilo kabati lako linakwenda hospitali?"

Mafundi walicheka mpaka saa ya chakula. Mimi nilikasirika, tena hasira ya pesa.

Mchana akaja msukuma mkokoteni kuleta mbao za mtu. Alishusha mikono ya mkokoteni, ukakaa kwenye mguu wake na mzigo wote juu, akaenda zake kwa mama ntilie. Mzee akauonyesha kwa kidevu.

"Huyu anapita hapa kila siku. Humwoni?"

Kesho yake niling'oa magurudumu yote manne. Nikafunga miguu ya mbao, halafu upande mmoja nikapitisha ekseli yenye matairi mawili ya toroli la zege, yale ya upepo. Niliyapandisha kidogo, kiasi kwamba kabati likisimama lenyewe hayagusi chini. Upande wa pili mikono miwili. Ukiinua mikono, matairi yanashuka yanabeba. Ukiishusha, kabati linasimama kwa miguu na haliendi popote. Kwa saruji iliyobaki kwa jirani tulimwaga vibao vinne chini ya mwarobaini, pima maji juu yake, kila mguu na kibao chake. Droo bado zilikuwa zinatoka tukiliinamisha, dogo akazichongea vikomeo vya mbao vya kuzungusha.

"Kaka, jaribu sasa," akasema.

Ubao wa mninga ulipita kama kisu kwenye siagi ya jua. Matundu 16 ya skrubu za magurudumu niliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, ila bado yanaonekana.

Wiki ya pili nilifungua droo ya chini nikitafuta rauta. Nikakuta redio ya Mzee, miwani yake, na chapati mbili ndani ya gazeti. Rauta ilikuwa imerudishwa kwenye kiroba.