Mita tatu, uwanja mmoja: nilivyofuatilia kodi ya jengo kwa Mama, Igogo

Mapema Septemba 2024 mpangaji mpya alinipigia simu usiku. "Dada, nimenunua umeme wa elfu kumi, zimeingia uniti saba tu. Hii mita ina nini?" Alikuwa amehamia juzi yake kwenye chumba cha uani kwa Mama, Igogo mlimani, Mwanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehisi ametapeliwa. Nikamwambia anisomee ujumbe wote, asiishie kwenye namba za tokeni. Kumbe shilingi 7,500 zilikatwa kama kodi ya jengo.

Chumba kile na jirani yake, vinavyotumia mita moja, vilikaa vitupu tangu mwisho wa Aprili. Hakuna aliyeigusa mita hiyo, lakini deni liliendelea kupanda, 1,500 kila mwezi, Mei mpaka Septemba. Mgeni wa watu ananunua umeme kwa mara ya kwanza, anabebeshwa miezi mitano ya nyumba isiyo yake. Niliona aibu kweli. Asubuhi nikamrudishia hela yake kwa simu, kisha nikachukua kalamu na daftari.

Uwanja wetu una nyumba kubwa anamoishi Mama na wajukuu wawili, na uani kuna banda la vyumba vinne vya kupangisha. Mita ziko tatu. Moja ya Mama, mbili za banda, maana marehemu Baba alianza na vyumba viwili, alipoongeza viwili vingine akavivutia umeme wake. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa mita zetu tatu ni 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka. Nilipoiandika hiyo hesabu ndipo nikashtuka, kwa sababu hela zinapokatwa kidogo kidogo ndani ya umeme huzioni zikiondoka.

Jambo ambalo sikulijua, na wengi wa jirani zangu hawalijui mpaka leo, ni kwamba kodi hii ni ya jengo, si ya mita. Mita ni njia ya kukusanyia. Jengo moja likiwa na mita mbili linadaiwa mara moja, ila mwenye nyumba ndiye wa kwenda kusema kuwa mita hizi ni za jengo moja. Na Mama ana miaka 71. Mtu mwenye miaka 60 na zaidi anasamehewa kodi ya nyumba moja anayoishi mwenyewe, lakini msamaha huo haukufuati nyumbani, unakwenda kuuomba. Tangu LUKU ianze kukata, Mama alikuwa analipa kodi ambayo hakupaswa kuilipa, na sisi watoto wake tuliosoma tupo.

Kazi ikawa karatasi. Mlimani kwetu nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe kabla ya vipimo kufika, na sisi hatuna hati. Tuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1994, imekunjwa mpaka inakatika, yenye jina la Baba na sahihi za mashahidi. Mama aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo, ila barua ya uteuzi tulikuwa tumeiweka mahali pa usalama mno, wiki tatu hatukuiona. Mwishowe ilitoka kwenye sanduku la vitenge. Bado ilihitajika barua ya serikali ya mtaa kwamba mama huyu anaishi hapa na nyumba ni ya familia yake.

Nilifika ofisi ya mtaa mwanzoni mwa Novemba, na muda wenyewe ulikuwa mbaya. Wenyeviti walikuwa wameshaachia madaraka kupisha uchaguzi. Mtendaji, ambaye ni mwajiriwa, alikuwepo, akanipokea vizuri, akasoma karatasi zangu zote. Kisha akasema, "Mama, mimi nimehamia hapa Julai. Nitaandikaje kwamba namfahamu mama yako?" Sikuweza kumlaumu. Nikapanda kwa mwenyekiti aliyemaliza muda, mzee aliyekuwepo Baba alipokuwa anapasua mawe ya msingi. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwanangu, ningekuandikia hapa hapa. Ila mhuri si wangu tena."

Nakiri kwamba uchaguzi wa mtaa sikuwahi kuuhesabu kama uchaguzi. Mwaka 2019 sikujiandikisha kabisa. Safari hii niliponea chupuchupu. Nilidhani kadi yangu ya mpiga kura inatosha, jirani akaniambia orodha ya mtaa ni nyingine, lazima ujiandikishe pale unapoishi, kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Tarehe 20 jioni nikamshika Mama mkono tukashuka naye ngazi za mawe taratibu, tukaandikwa. Kwa hiyo wagombea walipopanda mlima kuomba kura, niliwauliza swali moja tu: ukipata, ofisini utakaa siku gani na saa ngapi? Mmoja alinieleza maji, barabara na taa. Mwingine akasema Jumanne na Alhamisi, saa mbili mpaka saa sita, na namba ya simu ataibandika mlangoni. Jumatano ya tarehe 27 Novemba nilijua kura yangu naipeleka wapi.

Aliyeshinda ni yule wa Jumanne na Alhamisi. Wiki ya pili baada ya kuapishwa nilikwenda na Mama, majirani wawili na mzee mwenyekiti wa zamani, akiwa shahidi sasa. Mtendaji na mwenyekiti mpya wakaandika barua, ikapigwa mhuri, tukaondoka nayo siku hiyo hiyo.

Nje ya ofisi ya kodi kijana mmoja alinifuata akidai atanimalizia kwa elfu hamsini. Fomu ni bure. Nilimpita. Ndani nilikuwa nimejipanga: kitambulisho cha taifa cha Mama, barua ya mtaa, karatasi ya mauziano, barua ya mirathi, na namba za mita zote tatu, kila moja na jengo lake. Hizo namba ndizo zilizoniokolea muda. Afisa aliniuliza kama kwenye nyumba ya Mama kuna mpangaji. Hakuna, nikasema. Akauliza la banda. Nikamwambia ukweli: vyumba vinne, vyote vimepangishwa. Basi banda litaendelea kulipa, kwa mita moja, na nyumba ya Mama itatoka. Nimeliona ni haki. Banda linaingiza kodi ya pango, na 18,000 kwa mwaka tunaiweza. Ya nyuma sikuyadai.

Januari nilimnunulia Mama umeme wa elfu tano. Zikaingia uniti 14 na hakuna kilichokatwa. Akanitaka nimsomee tena, nikasoma, akasema "Asante, mayu," kama anavyowaita wanawake wote akiwa na furaha.

Likabaki la wapangaji. Mita iliyobaki na kodi inatumiwa na vyumba viwili, wakati kodi yenyewe ni yetu wenye banda. Tumeandikiana kwenye daftari: atakayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ananitumia ule ujumbe, nami napunguza 1,500 kwenye pango lake. Chumba ni 40,000. Mwezi huu yule mgeni wa Septemba ndiye aliyenunua wa kwanza, akanilipa 38,500.